Tokeni isibebe maandishi: aina na mahali vinatosha

Anayeandika kompaila kwa mara ya kwanza kwa kawaida huipa tokeni, yaani kipande kidogo cha programu kama jina, namba au alama, vitu vinne: aina, nakala ya maandishi yake, namba ya mstari na namba ya safuwima. Programu itafanya kazi. Lakini maandishi ya chanzo yamo kwenye kumbukumbu tayari, na hakuna haja ya kuyanakili kipande kwa kipande. Tokeni ikijua ni ya aina gani na inaanzia baiti ya ngapi, mengine yote yatapatikana siku yakihitajika.

Tupige hesabu kwa Rust, kwenye mashine ya biti 64:

```rust
struct TokeniNzito {
    aina: Aina,        // baiti 1
    maandishi: String, // baiti 24
    mstari: usize,     // baiti 8
    safuwima: usize,   // baiti 8
}
```

Jumla ni 41, ila kompaila hujaza nafasi tupu hadi 48 ili kila tokeni ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 8. Na hapo bado herufi zenyewe: kila `String` isiyo tupu huomba kipande chake cha kumbukumbu, hata kama jina ni `x`.

Sasa baki na `aina: u8` na `mwanzo: u32`. Ukiviweka kwenye struct moja utapata baiti 8, kwa sababu ya nafasi tupu ileile. Ukivitenganisha, aina kwenye safu yake na mianzo kwenye safu yake, ni baiti 5 kamili kwa tokeni. Kompaila ya lugha ya Zig imepangwa hivyo. Kwa tokeni 100,000, ni baiti 500,000 badala ya 4,800,000. Faida ya pili huonekana kwenye kasi. Swali ambalo kichanganuzi (sehemu inayosoma tokeni na kujenga mti wa programu) huuliza karibu kila hatua ni "tokeni inayofuata ni ya aina gani?", na mstari mmoja wa kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na kichakato) wa baiti 64 unachukua aina za tokeni 64 kwa mpigo. Nodi za mti huo nazo hazishiki tokeni. Zinashika fahirisi yake tu, yaani namba ya nafasi yake kwenye safu.

`u32` inatosha faili la karibu GiB 4. Kagua urefu kabla leksa (sehemu inayokata maandishi kuwa tokeni) haijaanza na ukatae faili linalozidi, maana `as u32` hukata namba bila kulalamika, na makosa yako yataanza kuonyesha mahali pasipohusika.

Mwisho wa tokeni je? Alama kama `+` au `==` na maneno ya lugha yana urefu unaojulikana kutokana na aina yake. Kwa majina, namba na stringi, iendeshe leksa upya kuanzia `mwanzo`, tokeni moja tu. Wengi hushtuka wakisikia hivyo, lakini kazi hiyo hufanyika mara chache: jina linaposajiliwa, namba inapogeuzwa, kosa linapochapishwa. Sharti lake ni kwamba leksa isitegemee hali iliyotangulia. Kama lugha yako ina stringi zenye misemo (kama `a + b`) ndani yake, hifadhi na urefu pia. Struct itakuwa na baiti 12, na hakuna ubaya.

Namba za mstari zitoe kwenye safu ya mianzo ya mistari, inayojengwa mara moja, kisha tafuta kwa kugawa nusu kwa nusu. Safuwima inahitaji uangalifu zaidi. Chukua mstari huu:

```
"🍌" + x
```

Ukihesabu kutoka sifuri, `x` iko nafasi ya 9 kwa baiti za UTF-8, ya 7 kwa vipimo vya UTF-16, na ya 6 kwa herufi za Unicode. Itifaki ya LSP inayounganisha vihariri na kompaila hutumia UTF-16 pasipo makubaliano mengine. Ukipeleka baiti, mstari mwekundu utachorwa pembeni ya kosa. Ndani ya kompaila tumia baiti peke yake, ugeuze mlangoni tu.

Leksa pia isiamue mambo yaliyo ya kichanganuzi. Java inakubali `-2147483648` lakini inakataa `2147483648` ikisimama bila alama ya kutoa. Leksa huona tokeni mbili, `-` na namba. Ikigeuza namba papo hapo kuwa `int` itatangaza kosa lisilokuwepo. Iache namba kama maandishi hadi kichanganuzi kijue kilichotangulia. Vivyo hivyo kwa `match` ya Python 3.10, inayoweza kuwa neno la lugha au jina: ibaki jina la kawaida, kichanganuzi ndicho kiamue.

Mfano mgumu zaidi ni `>>`. Katika C++ ya 1998 ilibidi uandike `vector<vector<int> >` kwa nafasi katikati, la sivyo leksa ilisoma alama ya kusogeza biti. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2011. Unaweza kutoa `>>` nzima na kukiachia kichanganuzi kazi ya kuipasua, lakini hapo unabadilisha tokeni wakati wa kusoma, na kichanganuzi kikirudi nyuma kujaribu njia nyingine kitakuta tokeni iliyokwisha kupasuliwa. Mimi hutoa `>` mojamoja daima, hata kwenye `>=` na `>>=`. Kichanganuzi kikiwa ndani ya msemo huziunganisha kama mwanzo wa ya pili ni mwanzo wa ya kwanza jumlisha 1. Namba za mianzo tunazo tayari.

Lua haihitaji hesabu hizi za baiti. Leksa yake hushika tokeni iliyopo na moja ya mbele tu, hivyo ukubwa si hoja. Kama nawe unasoma tokeni na kuitupa, fuata njia hiyo.

Ongeza aina mbili zisizo za lugha: `Mwisho` na `Kosa`. `Mwisho` iwepo daima na kichanganuzi kisiivuke. Kwa hiyo hakuna haja ya kukagua mpaka wa safu kila hatua. `Kosa` huiruhusu leksa kuendelea. Stringi isiyofungwa ikatie mwisho wa mstari, la sivyo alama moja iliyosahauliwa itameza faili lote na kuzaa makosa mia.

Jaribio linalonasa hitilafu nyingi za mpangilio huu ni fupi: mianzo ipande daima, `Mwisho` ikiachwa kando, mwisho wa kila tokeni ukikokotolewa upya usivuke mwanzo wa inayofuata, na katikati yao pasiwe na kitu ila nafasi tupu na maoni. Liendeshe kwa kila faili la majaribio, yakiwemo yale yenye makosa ya makusudi.