Kozi za bure mtandaoni: yasemwayo Nairobi na ukweli wake

"Cha bure hakina kiwango." Hii ndiyo inayosemwa zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bila malipo, na leo yamepita 2,500. Wala si vipande vya kuvutia wateja. Chukua somo la aljebra la Profesa Gilbert Strang, mihadhara iliyorekodiwa mwaka 1999: mzee, chaki na ubao, pamoja na mazoezi na mitihani. Mwanafunzi wa uhandisi anayekaa Roysambu ataona matriki zikizidishwa, asielewe, arudishe nyuma, aangalie tena hadi limwingie. Mhadhiri mwenye ukumbi uliofurika hawezi kurudishwa nyuma.

Dhana ya pili ndiyo inayokula pesa za watu: kwamba ukimaliza kozi umepata digrii. Hujapata. MIT OpenCourseWare, tovuti yenye masomo hayo ya MIT, haitoi hata cheti, na hakuna mwalimu wa kukusahihishia kazi. Coursera na edX, tovuti za kozi za vyuo mbalimbali, zote za mwaka 2012, kwa kawaida hutoza ada ukitaka cheti. Vyeti vya bure vipo: CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Harvard, hukupa chake ukikamilisha kazi zote, na tovuti ya OpenLearn ya Uingereza hutoa hati ya kushiriki. Hivyo ni vya kuonyesha ulichojifunza, basi. Na kikundi cha WhatsApp kikikudai "ada ya usajili" kwa M-Pesa ili uingie kwenye masomo ya MIT, hapo unatapeliwa. Masomo hayo hayahitaji hata kujisajili.

Wengine huchanganya haya na Open University of Kenya. Hicho ni chuo cha umma kilichopewa hati yake mwaka 2023, hufundisha mtandaoni na hutoa digrii halisi. Karo ipo.

"Bila waifai ya nyumbani huwezi." Kinachomaliza bando ni video. Maelezo na mazoezi mengi ni PDF, na OpenCourseWare hukuruhusu kupakua somo kama faili moja. Ukilipakua palipo na waifai, maktaba au kazini, utalisoma ndani ya matatu data ikiwa imezimwa. (Foleni ya Thika Road inatosha sura nzima.)

Kisha kuna wanaodhani kilicho wazi kwa wote hakina mwenyewe. Kina leseni. Mwalimu wa Dandora akitafsiri maelezo ya MIT kwa Kiswahili na kuwatolea wanafunzi wake fotokopi, hajaiba chochote, mradi ataje chanzo na tafsiri yake aiachie wengine kwa masharti yaleyale. Hahitaji kumwandikia mtu barua kuomba ruhusa. Akiyatia jalada na kuyauza River Road, hapo amevunja leseni.