Wati 1000 za presha kuka, na maharage ya shilingi mia

Mama mmoja aliniletea presha kuka yake ikiwa imefungwa kwenye kanga, kama mtoto anayepelekwa zahanati. Akaiweka mezani na kusema, "Fundi, hii kitu inakula umeme, halafu mchuzi wake maji matupu. Nitafutie mteja." Nikaichomeka, nikaweka maji, nikasubiri. Ikapanda presha vizuri, ikakata yenyewe, ikashuka. Nzima kabisa, haina hata skrubu iliyolegea.

Natengeneza vifaa vya umeme vya jikoni hapa Dar es Salaam, na presha kuka nyingi zinazofika mezani kwangu ni za namna hiyo. Haziumwi. Zinapikiwa kama sufuria ya kawaida, basi zinakasirika. Yule mama nilimkalisha kwenye stuli nikamweleza kinachotendeka ndani ya kile kifuniko, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa.

Tuanze na umeme, kwa sababu ndio unaowatisha wengi. Nyuma ya presha kuka pameandikwa wati 1000. Mtu anapiga hesabu: wati 1000 kwa saa moja ni uniti moja, maharage yanakaa humo karibu saa nzima, kwa hiyo uniti moja imeondoka kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Hesabu hiyo ni sahihi kwa jiko linalowaka muda wote. Hili haliwaki muda wote. Chini ya ile sufuria ya ndani kuna sahani ya kupashia joto, na katikati yake kuna kitufe kidogo chenye springi kinachogusa kitako cha sufuria. Hicho ndicho kinachohisi joto. Kwenye aina nyingi kuna pia swichi ya presha chini ya sahani: mvuke ukisukuma sufuria, sahani inashuka kidogo mno, hata jicho halioni, na swichi inaachia. Umeme unakatika. Joto likipungua, swichi inarudi, jiko linawaka dakika moja hivi, linakata tena. Ule mlio wa "tk" unaousikia jikoni ndio huo.

Nilipima mezani kwangu kwa mita. Nusu kilo ya maharage makavu, hayakulowekwa, na lita moja na nusu ya maji. Jiko liliwaka mfululizo dakika 13 au 14 mpaka presha ikakamata. Baada ya hapo, katika dakika 45 zote zilizobaki, muda liliokuwa linawaka ukiujumlisha haukufika dakika tano. Jumla ilisoma uniti 0.29. Mimi nikinunua umeme wa shilingi 10,000 napata uniti 28, kwa hiyo sufuria ile ya maharage ilinigharimu shilingi mia moja na kitu. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, analipa chini ya hapo. Sasa chukua jiko la koili la wati 1500, lipunguze mpaka liwe linawaka nusu ya muda, pikia maharage yaleyale saa mbili: uniti moja na nusu. Kopo la mkaa mtaani kwako unajua mwenyewe bei yake.

Tofauti hiyo inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba joto limefungiwa, halipiti pembeni ya sufuria kwenda kuwapasha moto watu waliokaa jikoni. Ya pili ni lile joto lenyewe. Maji yakiwa wazi hapa pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, na ukiongeza moto hayapandi zaidi, yanakauka tu haraka. Ukiyafungia mvuke wake mwenyewe, kiwango cha kuchemka kinasogea juu. Presha kuka nyingi za umeme zinafika kama nyuzi 115. Nyuzi 15 zinaonekana chache, lakini kwa maharage na nyama ngumu ni tofauti ya asubuhi nzima na dakika arobaini. Ndugu zangu wa Njombe wanalijua hili kuliko sisi: kule juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana maharage ya kule yanapikwa mpaka mpishi anakata tamaa. Anayeishi nyanda za juu ndiye anayefaidi zaidi chombo hiki, ingawa naye aongeze dakika chache juu ya zile anazosoma kwenye kijitabu.

Na si jambo jipya. Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu cha namna hii London mwaka 1679, cha kulainishia mifupa, akakiwekea valvu ya usalama yenye uzito unaokaa juu ya tundu. Presha ikizidi, uzito unainuka, mvuke unatoka. Kile kichuma kinachocheza juu ya kifuniko chako ni mjukuu wa valvu ile.

Sasa mchuzi wa maji matupu. Hapa ndipo wapishi wazuri wanapoumbuka, na wanaumbuka kwa sababu ni wazuri. Mkono wao umeshazoea. Mpishi mzoefu akipima maji ya nyama anapima na yatakayokauka, bila hata kufikiri. Kwenye presha kuka maji hayakauki. Kifuniko kikishajifunga, karibu kila tone linabaki ndani mpaka mwisho. Hata ukifungua valvu ukasikia ule mlio wa kutisha ukidhani chakula chote kinaondoka, kwenye lita mbili za mchuzi kinachotoka ni kama vijiko vinne vya chakula vya maji. Basi. Na nyama yenyewe inatoa maji yake, nyanya inatoa yake, kitunguu nacho yake. Kwa hiyo kilo moja ya nyama ya ng'ombe haihitaji maji ya kuifunika. Kikombe kimoja kinatosha. Ikishaiva na presha ikashuka, fungua, bonyeza kitufe cha kukaangia, acha mchuzi uchemke wazi mpaka uwe mzito unavyopenda.

Wali nao hivyohivyo. Kikombe cha mchele, kikombe na robo cha maji, dakika sita, halafu uache umekaa dakika kumi bila kuugusa. Ukitumia vikombe viwili vya maji kama mama alivyokufundisha, utakula bokoboko.

Ila usikimbilie upande wa pili ukaweka maji kijiko. Presha inatengenezwa na mvuke, na mvuke unatoka kwenye maji. Pasipo na maji ya kutosha chini, au pakiwa na rojo zito lililoganda, kitako kinapata joto kali, kihisi kinashtuka, jiko linakata na kuandika alama ya kuungua. Mara tisa kati ya kumi, mkosaji ni nyanya ya kopo. Watu wanaikaanga, inashika chini, wanafunga kifuniko juu yake. Ukishakaanga, mimina maji kidogo, kwangua chini kwa mwiko wa mbao mpaka pawe safi, ndipo utie vingine. Nyanya ya kopo weka juu kabisa, usikoroge. Tui zito la nazi usilifungie kabisa, litakatika. Pika na tui jepesi, tui zito litie mwishoni kifuniko kikiwa wazi.

Dakika nazo zinachanganya. Ukiweka 20, jiko halianzi kuhesabu hapo. Linaanza baada ya presha kukamata, kwa hiyo ongeza robo saa ya kupanda na muda wa kushuka. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanataka dakika 15 mpaka 20. Yasiyolowekwa, 40 mpaka 45. Yakiwa ya zamani, yaliyokaa ghalani msimu mzima, hata saa hayasikii, na hapo usimlaumu fundi. Makande nayapa dakika 45 kama mahindi yamekobolewa. Ndizi za Bukoba dakika nane. Samaki? Mimi samaki siwafungii. Dakika mbili zinatosha, na ukizidisha moja unapata supu ya miiba.

Magadi ya kulainishia maharage hayahitajiki tena, na sufuria isijazwe kupita nusu ukipika maharage au makande, kwa sababu yanatoa povu. Povu likiingia kwenye tundu la valvu ndipo mambo yanapoharibika.

Kuna kitufe kimoja nawaonya wateja wangu: kile cha kupika polepole. Kwa mchuzi hakina neno. Kwa maharage mekundu ambayo hayajachemshwa, usikitumie. Maharage hayo yakiwa mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha vibaya, na inakufa kwa kuchemka barabara angalau dakika kumi. Moto wa polepole huenda usifike huko, ukala maharage laini yenye sumu yake. Kwenye presha hakuna wasiwasi huo.

Kushusha presha: nyama na maharage acha ishuke yenyewe, dakika 15 hivi. Ukifungua ghafla, maharage yanarusha povu mpaka kwenye dari, na nyama inakakamaa. Mboga na wali uliokwisha kupumzika, fungua tu, lakini kwa mpini wa mwiko na uso ukiwa mbali. Mvuke ule hauonekani vizuri pale unapotokea, na ndipo unapochoma zaidi. Kile kipini kidogo cha kwenye kifuniko, kinachoinuliwa na presha, kikiwa bado juu, kifuniko hakifunguki. Usishindane nacho. Nimeona mtu aliyetumia bisibisi, na sitaki kuona mwingine.

Umeme ukikatika katikati, usifungue pia. Kama presha ilishakamata, chombo kile ni kama chupa ya chai, chakula kinaendelea kuiva humo. Nyumbani kwetu kuna siku umeme ulikatika dakika ya 20, ukarudi baada ya saa mbili, tukakuta maharage yameiva na yana moto. Angalia tu kama jiko lako linaendelea na hesabu umeme ukirudi au linaanza upya. Mengine yanazima moja kwa moja.

Zile zinazoumwa kweli zinaumwa magonjwa machache. La kwanza ni maji: mtu anasahau kuweka sufuria ya ndani, anamimina maji na mchele moja kwa moja kwenye sahani ya joto. Asubuhi kukiwa na haraka linampata mtu yeyote. Chomoa, pindua, niletee, usijaribu kuiwasha. La pili ni mende, wanapenda joto la chini na wanaishia kwenye swichi. La tatu ni ekstensheni za bei rahisi zinazobeba friji, pasi na jiko kwa pamoja. Jiko lenyewe linavuta kama ampea nne na nusu tu, ila waya mwembamba wenye mzigo wa vitu vitatu unayeyuka, na plagi inafika kwangu nyeusi. Lichomeke ukutani, kwenye soketi yenye waya wa ethi. Fyuzi ya joto, ile inayokata umeme jiko likipata joto kupita kiasi, ikikatika, kuna mafundi wanaiunganisha kwa waya mtupu. Ukikuta jiko lako limefanyiwa hivyo, lirudishe likawekewe fyuzi.

Ugali, kwa wanaouliza kila mara, naupika kwenye gesi. Sufuria ya ndani inazunguka ukisonga, na mwiko unakwangua ule utando wa ndani.

Yule mama aliondoka na jiko lake kwenye kanga. Juzi karudi, safari hii bila jiko, anatafuta mpira wa pili wa kifuniko. Huu wa kwanza umenywa pilau, anasema, na wajukuu wamegoma kunywa uji wenye harufu ya bizari. Nikampa, nikaandika kwa kalamu pembeni: UJI.