Je, wajua kwa nini hewa ya Begusarai huwa mbaya Desemba na kupata nafuu Agosti?

Habari za hewa chafu nchini India huanzia Delhi na mara nyingi huishia hukohuko. Lakini ripoti ya mwaka 2023 ya kampuni ya IQAir ya Uswisi iliweka kileleni mwa orodha ya miji yenye hewa chafu zaidi duniani Begusarai, mji wa mkoani katika jimbo la Bihar, kaskazini mwa Mto Ganges, unaozungukwa na mashamba ya mahindi na ngano. Wastani wake wa chembechembe laini, zile ziitwazo PM2.5, ulikuwa mikrogramu 118.9 kwa kila mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linataka zisizidi 5. India yenyewe imejiwekea 40.

Wengi watasema ni viwanda. Kweli, jirani hapo Barauni kuna kiwanda cha kusafisha mafuta tangu 1964, na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Ila kiwanda cha mafuta hakifungwi Agosti, na bado hewa ya Agosti ni afadhali mno kuliko ya Desemba. Basi tutazame ramani.

Kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Nepal, imesimama Himalaya yenye vilele vya zaidi ya mita 8,000. Kusini kuna nyanda za juu za Chota Nagpur. Katikati ni tambarare tupu inayoanzia Punjab, upande wa magharibi, hadi Bangladesh. Upepo wa kipupwe, tena dhaifu, hushuka humo kutoka kaskazini-magharibi ukibeba moshi wa mabua ya mpunga yanayochomwa Punjab na Haryana Oktoba na Novemba, kisha ukazoa na wa Uttar Pradesh. Bihar iko huko chini upepo unakoelekea: inapokea ya wenzake na kuongeza ya kwake.

Ya kwake si haba. Wanavijiji hukanda kinyesi cha ng'ombe kwa mkono na kukibandika ukutani kikauke. Alama za vidole vitano hubaki juu ya kila kipande. Hiyo ndiyo goitha, kuni ya maskini, na jioni za baridi hupikiwa na kuotewa moto. Kisha kuna matanuri ya matofali. Matofali mabichi huanikwa juani, kwa hiyo matanuri hayawezi kufanya kazi wakati wa mvua. Moshi wake wote huangukia miezi isiyo na mvua.

Na kwa bahati mbaya, ndani yake imo miezi ya baridi ambayo anga hujifunga. Usiku wa Desemba ardhi hupoteza joto haraka, hewa iliyo karibu nayo hupoa na kuwa nzito, huku juu yake kukiwa na hewa yenye joto zaidi. Ni sufuria iliyofunikwa: moshi haupandi, na ukungu wa asubuhi huzuia jua lisifunue mapema. Nafasi ya moshi kutawanyika hubaki mita mia chache tu kwenda juu. Mwezi Mei hufika zaidi ya kilomita 2.

Hata hivyo Mei si shwari. Upepo mkali wa joto kutoka magharibi, uitwao loo, huinua udongo laini ulioachwa na mafuriko kwenye kingo za mto, zile ardhi za diara. Anayepima kwa macho ataapa kuwa Mei ni mbaya kuliko Desemba. Amekosea: vumbi ni chembe kubwa zaidi, pua na koo huzuia sehemu yake, ilhali moshi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Nafuu hufika katikati ya Juni, na chanzo chake watu wa Pwani yetu wanakifahamu. Ni kusi, upepo uleule uliokuwa ukipeleka majahazi kaskazini. Hupita Somalia kwa kasi, huvuka bahari, huzunguka kupitia Ghuba ya Bengal, kisha huingia Bihar kutokea mashariki kwa jina la purvaiya, ukiwa na mvua. Ardhi hulowa, vumbi hutulia, matanuri huzimwa, na hewa ya baharini husukuma ile iliyokaa. Mapema Oktoba mvua huondoka.

Mpango wa kitaifa wa hewa safi wa India ulioanza 2019 huchagua mji mmojammoja. Bihar iliingiziwa Patna, Gaya na Muzaffarpur, Begusarai haimo. Hata ingekuwemo, baraza la mji lingemwamuru vipi mkulima wa Punjab asichome mabua yake?