Usimburute: dhana potofu kuhusu kumzoesha mtoto wa mbwa kamba

Juzi simu imeita saa moja kasoro asubuhi. "Mwalimu, mbwa kakaa chini katikati ya barabara, hataki kutembea. Nimvute?" Mbwa mwenyewe ana wiki 10. Hapana, kaka yangu, usimvute. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika.

"Akigoma mburute kidogo, atazoea"

Hii ndiyo inayonimaliza. Karibu kila anayeniletea mtoto wa mbwa ameshaambiwa hivyo na mtu: mlinzi, jirani, shemeji aliyewahi kufuga. Nikikunja uso, wananitupia methali ya samaki mkunje angali mbichi. Sawa, methali imesema mkunje. Haikusema mvunje.

Tuelewane kwanza kwa nini anakaa. Mbwa wa wiki 8 au 10 hajawahi kufungwa kitu shingoni. Siku moja, kwa mkupuo, anavishwa mkanda, anafungwa kamba, anatolewa getini na kukutana na bodaboda, lori la taka na harufu ya mbwa asiowajua. Anakaa kwa woga, au kwa kuwa shingo imebanwa. Kiburi unakiona wewe tu. Halafu kuna suala la mwili: mbwa akivutwa mbele, hukaza miguu na kujirudisha nyuma. Mweke kiganja ubavuni umsukume taratibu, utaona naye anakuegemea. Kwa hiyo ukivuta anagoma, akigoma unaongeza nguvu, na lazima utashinda, maana wewe una kilo 80 na yeye ana 4. Alichojifunza hapo ni kwamba kamba ikitoka kwenye msumari, maumivu yanafuata. Wiki ijayo ukiishika tu anaingia chini ya gari, nawe unanipigia kuniambia ni mjeuri.

Mama mmoja wa Mbezi aliniita kwa ajili ya mtoto wa jamani shefadi wa wiki 11. Nilimkuta amefungwa mnyororo wa bandani, ule wa mbwa mzima, na kichwa kimeinama kwa uzito. Ukucha mmoja wa mbele ulikuwa umesagika hadi kutoa damu, kwa kuburutwa juu ya vitofali vya uani. Alikuwa na kikohozi kikavu ambacho mama alidhani ni mfupa umemkwama. Koo la hewa la mbwa ni bomba lililoshikwa na pete za gegedu, na la mtoto bado ni laini. Ukilikaba kila siku unategemea nini?

Tuliuvua mnyororo. Nikakata mita moja na nusu ya kamba nyembamba ya kuanikia nguo, nikaifunga kwenye mkanda mwepesi wa shingo, nikaiacha ilale chini. Nikachuchumaa hatua mbili mbele yake, ubavu nimempa yeye, uso nimeuelekeza pembeni, na kipande cha ini mkononi. Dakika ya kwanza alinusa upepo tu. Ya tatu akanyoosha shingo. Ya nne akaja. Mama akacheka: "Kumbe njaa tu." Si njaa, mama. Ni kwamba safari hii hakuna aliyemvuta.

Utaratibu wangu ndio huo, sina siri nyingine. Siku mbili tatu za mwanzo mvishe mkanda wakati wa kula tu. Atajikuna kwa mguu wa nyuma, mwache, asahau mwenyewe. Kati ya mkanda na shingo viingie vidole viwili, si kimoja wala vinne. Kisha mfunge kamba nyepesi aizungushe ndani huku unamwangalia, isije ikanasa kwenye mguu wa meza au akaitafuna. Baada ya hapo shika ncha, umfuate yeye anakokwenda. Siku inayofuata rudi nyuma hatua mbili, mwite kwa sauti ya furaha, akifika mpe chakula pale pale kwenye goti lako, ili ajifunze kuwa karibu na mguu wako ndiko kunakolipa. Kamba ikining'inia imelegea, endeleeni. Ikikaza, simama kama nguzo ya umeme, usivute wala usiseme kitu. Akigeuka ikalegea, msifu, twendeni. Dakika 3 hadi 5, mara tatu kwa siku, inatosha.

Chakula cha mazoezi kisikufilisi. Dagaa wakavu wasio na chumvi, au maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Binafsi ni mtu wa dagaa. Biskuti za dukani naona ni kupoteza hela.

"Mwache akue kwanza, miezi sita ndiyo ufundishe"

Akifika miezi sita, jamani shefadi ana kilo 20 na kitu na ameshaamua mwenyewe dunia ikoje. Dirisha la kuzoea vitu vipya bila woga huwa wazi kuanzia wiki ya 3, na kufikia wiki ya 12 hadi 14 limeanza kufungwa. Na hapa Pwani tuna sababu yetu ya ziada. Majirani wengi wanafuata madhehebu ya Shafi: akiguswa na mate ya mbwa, inambidi aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayekuvuta kuelekea kila kanzu nyeupe ya Ijumaa atakugombanisha na mtaa mzima, na wenye haki watakuwa wao.

"Asitoke ndani hadi amalize chanjo"

Hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana siibezi. Parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika wa watoto wa mbwa, inaua, na virusi vyake hukaa ardhini kwa miezi. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Lakini uani kwako, wasikopita mbwa koko, kamba inafundishika. Na barabarani mbebe mikononi aone na kusikia. Kumshusha chini ndiko kungojee chanjo.

"Mkanda wa kifuani unamfanya avute kama punda"

Mbwa huvuta kwa sababu akivuta anafika anakotaka. Umfunge shingo, kifua au mkia, ukimfuata kila akivuta, atavuta. Kwa aina ndogo kama Chihuahua na Pomeranian, ambao koo lao huharibika kirahisi, mimi nasisitiza kifuani.

"Akitangulia mbele anataka kukutawala"

Ana haraka tu, ana miguu minne. Hadithi ya mbwa mwitu mbabe anayeongoza kundi ilitokana na kuwachunguza wanyama waliofungiwa pamoja. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu aliyewahi kuieneza hadithi hiyo mwenyewe, aliandika mwaka 1999 kwamba porini kundi ni baba, mama na watoto wao. Mtoto wako wa wiki 10 hana mpango wa kupindua serikali ya nyumba yako.

"Mchoshe kwa matembezi marefu, atatulia"

Akichoka kupita kiasi ndipo anapouma kamba na suruali. Na saa saba mchana msitoke kabisa. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde 5, rudini kivulini.