Kumpiga picha mbwa au paka wako bila kumsumbua

Wengi wanaotuletea mbwa na paka kliniki wana simu zilizojaa picha zao, na kasoro ni zile zile: mbwa mweusi asiyeonekana macho, paka mwenye macho yanayowaka kijani, mtoto aliyemkumbatia mbwa shingoni huku mbwa kageuza uso. Simu nyingi siku hizi zinatosha kabisa kwa kazi hii. Kinachokosewa ni mwanga, mahali alipokaa mpigaji, na hasa hali ya mnyama mwenyewe, na hilo la mwisho ndilo linalotuhusu sana sisi madaktari wa mifugo.

Mbwa hajui kamera ni nini. Anachokiona ni mtu aliyemsimamia, anamkodolea macho, kanyoosha mkono na kitu cheusi kuelekea usoni pake. Kwake huo ni mkao wa kutisha. Atalamba pua, atapiga miayo bila usingizi, atafyata mkia, au atageuza kichwa huku jicho likibaki kwako mpaka weupe wake uonekane pembeni. Paka yeye hulaza masikio na kupigapiga mkia chini. Ukiona hayo, rudisha simu mfukoni. Jaribu tena paka akishashiba, au mbwa akishatembezwa na kuchoka kidogo. Kaa chini, mpe ubavu badala ya kumkabili, naye atakusogelea mwenyewe.

Picha tunayoiomba wazazi waiache kabisa ni ile ya mtoto kumkumbatia mbwa shingoni au kumpanda mgongoni. Mbwa wengi wa majumbani kwetu ni walinzi: mchana wamefungwa, usiku wanafunguliwa, na hawajazoea mikono ya watoto. Hata mbwa mpole akibanwa shingo hana pa kukimbilia, na uso wa mtoto uko sawasawa na meno yake. Mkalishe mtoto kando, mbwa awe na nafasi ya kuondoka, na mtu mzima awe karibu bila kushughulishwa na simu. Akimng'ata mtu, hata kama ni kijitundu tu na hata kama ni mbwa wa nyumbani, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Msingoje kumwona mbwa akiugua kwanza.

Sasa mwanga. Kwetu karibu na Ikweta jua la saa sita liko utosini. Macho ya mbwa huzama kivulini na mboni ya paka husinyaa ikawa kijistari. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Ikibidi mchana, mweke barazani, chini ya mwembe, au ndani akitazama mlango ulio wazi, mgongo wako ukiwa upande wa mlango. Flashi izime. Nyuma ya retina ya mbwa na paka kuna tabaka linalorudisha mwanga kama kioo, ndilo linalowasaidia kuona gizani, na ndilo linalowafanya waonekane mashetani kwenye picha za usiku. Isitoshe, flashi huwashtua.

Mnyama mweusi ana kesi yake. Simu hukadiria mwanga wa eneo zima, kwa hiyo mbwa mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa hutoka kama doa la wino. Muhamishie mbele ya majani au mkeka wa kahawia, mwanga umjie kwa ubavuni ili manyoya yaonekane, kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu na uongeze mwangaza kidogo. Mweupe ni kinyume chake: punguza, la sivyo manyoya yatapotea yote.

Piga ukiwa kimo chake, hata ikibidi kulala kifudifudi uani. Usimsogelee mno, maana lenzi ya kawaida ya simu ni pana na ikikaribia pua, pua huwa kubwa kuliko kichwa. Rudi hatua mbili, kisha kuza picha mara 2 (zoom 2x). Kwa paka, kipande cha dagaa kikishikwa juu tu ya lenzi hufanya kazi kuliko kumwita jina. Mbwa mpigie mluzi mfupi, ila uutunze: baada ya mara chache hatajali tena.

Ukishapata ile ya kupendeza, piga na zile zisizopendeza ila zenye manufaa akipotea: uso, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto (michoro ya paka wa mistari hailingani pande zote mbili), na alama yoyote ya pekee. Mpige picha pia akiwa amesimama kando ya kiti ili kimo kijulikane. Alama moja usiitangaze, ili anayedai kumwokota aulizwe hiyo. Piga na kadi yake ya chanjo.

Na ukitaka kutuonyesha kidonda au upele kwa simu kabla hujafika, mshikaji awe mtu mwingine anayemfahamu mnyama, uweke sarafu kando ya jeraha tujue ukubwa wake, upige moja ya karibu na moja ya mwili mzima. Filta usitie kabisa. Rangi ya ufizi na ngozi ndiyo tunayoiangalia, na filta huibadilisha. Kama anachechemea au anakohoa, rekodi video ya sekunde chache ukiwa bado nyumbani, kwa sababu wengi wakifika mbele yetu huacha ghafla.