Mtaji haujaliwa, jamani

Juzi tena. Kaka mmoja yuko Oman anafanya kazi, kanitumia voisi ya dakika nne, dakika tatu za kwanza ni lawama tupu. Alimtumia dada yake wa Manzese laki tano aongeze biashara ya chapati, miezi mitatu haijaisha hela hakuna. "Dada, huyu kala mtaji. Sasa nimwongeze au nimwache?" Hii kazi ya kukaa na vikundi vya kina mama naifanya mwaka wa kumi na moja sasa na hilo neno "kala mtaji" nimelisikia kwa waume, kwa maafisa mikopo, kwa wachungaji, kwa watu wenye digrii, nimechoka, leo naandika.

Kwanza mnakula vipi mtaji nyie, na ugali?

Njoo tukae kwa mama mmoja wa chapati, siyo huyo dada wa Manzese, mwingine, ila hesabu zao ni ndugu. Saa nne usiku, watoto wamelala, tumekaa kwenye stuli mbele ya mlango na kopo la jero jero. Kwa siku anakanda kilo tano, unga elfu kumi, mafuta lita moja elfu sita, mkaa buku tatu, chumvi na maji na vikorokoro buku. Elfu ishirini. Zinatoka chapati 60, akiuza zote kwa jero ni elfu thelathini. Faida elfu kumi kwa siku, andika kwenye ripoti, piga picha, tuma kwa mfadhili.

Ila kwenye kopo hamna elfu thelathini, kuna elfu ishirini na mbili. Nikamuuliza chapati kumi na sita ziko wapi. Nane wamekula watoto asubuhi na mchana, sita zimekopwa (bodaboda wawili, fundi cherehani, na jirani ambaye nisiseme), moja imeungua, moja kapewa bibi wa chumba cha nyuma kwa sababu ni bibi. Kwa hiyo cash ya faida ni buku mbili. Sasa mtaalamu wa semina hapo anasema biashara haina faida, jilipe mshahara, watoto wasile dukani! Wasipokula pale watakula wapi? Asubuhi angenunua nini, na kwa hela ya nani? Chapati inayoliwa na mtoto imemgharimu kama shilingi 333, siyo jero, na ndiyo chai ya asubuhi imepatikana hapo hapo. Hiyo ni faida imelipwa kwa unga, basi. Anayeiita hasara hajawahi kulisha watoto watano.

Shida inaanza pale hela inayodaiwa ni cash. Huyu mama alikuwa na kausha damu (mkopo wa mtaani wa marejesho ya kila siku) ya laki moja, unarudisha laki na thelathini, elfu tano kila siku kwa siku 26. Watu wanasema "riba asilimia thelathini, mbaya lakini inavumilika". Subiri. Unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo ile laki hukai nayo mwezi mzima, kwa wastani unakaa na kama nusu yake, maana yake unalipia elfu hamsini riba ya elfu thelathini, yaani karibu asilimia 60 kwa mwezi. Ukomo wa riba wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wenye leseni za daraja la pili (wale wasiopokea amana) ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Sasa kopo lina buku mbili za faida, kijana wa rejesho kasimama na pikipiki anataka elfu tano. Hiyo buku tatu inatoka wapi? Inatoka kwenye unga wa kesho. Kilo tano inakuwa kilo tatu na nusu, chapati zinaisha saa tatu asubuhi, wateja wanahamia kwa jirani, na wiki ya tatu mtaani wanasema kala mtaji. Hajala kitu, mtaji umehama mguu kwa mguu umeenda kwenye pikipiki.

Na bila kausha damu inahama vilevile, kwa njia nyingine. Januari, sare na madaftari na michango ya shule. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Msiba, na msiba hauna tarehe. Hela ya biashara na hela ya nyumba ziko kwenye kopo moja, na sisi tunaokwenda kufundisha "tenganisha hela" (nimefundisha miaka, ninayo mpaka chati) hatusemi akishaitenganisha aiweke wapi ambapo mume hajui, mtoto hafiki na yeye mwenyewe hatoboi saa tano usiku mtoto akiwa na homa.

Ndiyo maana kikoba kinafanya kazi pale tunaposhindwa. Siyo sababu ya mikopo yake, watu wanakosea hapa. Ni kwa sababu hela inapata pa kukaa: hisa kila wiki, sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, mfuko wa jamii pembeni kwa ajili ya msiba, na Desemba mnavunja mnagawana, kabla tu ya ile Januari. Mtu akikuomba mchango unasema hela iko sandukuni na hujadanganya.

Mikopo ya halmashauri niipitie haraka. Asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Ukiipata chukua. Ila inatoka kwa kikundi, na mama wa chapati hataki mradi wa kikundi, anataka mafuta ndoo nzima kwa bei ya jumla. Na semina zinazoambatana nazo jamani, sabuni ya maji! Kila semina sabuni ya maji na batiki. Kuna mtaa nimepita kina mama kumi na nne wanauza sabuni ya maji, wanauziana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa niseme na yangu. Mwaka mmoja nilihangaika mpaka mama mmoja akapata friza auze barafu na juisi, nilijiona nimemaliza. Umeme ulikula kila kitu, akaishia kuweka nguo humo. Nilihesabu friza, sikuhesabu luku. Na kuna tafiti zinanikosesha raha. Sri Lanka watafiti walitoa hela bure kwa wafanyabiashara wadogo, faida za wanaume zikapanda, za wanawake hazikupanda. Baadaye wengine wakarudia kuangalia wakakuta hela ya mwanamke iliingia kwenye biashara ya mume, na pale ambapo mwanamke ndiye mwenye biashara peke yake nyumbani, hela yake ilizaa kama ya mwanaume tu. Sawa, hiyo naielewa, naiona kila siku. Ila Ghana walijaribu kuwapa vitu badala ya cash, ikasaidia kina mama waliokuwa tayari na biashara yenye nguvu kiasi, wale wa chini kabisa haikuwapandisha. Na wale wa chini kabisa ndio ninaokaa nao mimi. Hapo sina jibu, nikiulizwa kwenye kikao huwa nabadilisha mada.

Kwa hiyo yule kaka nilimjibu hivi: usitume mtaji. Muulize kwanza kama ana rejesho la kila siku mahali, akikwambia hana muulize tena kwa upole, maana wanaomdai watakuwa wawili watatu. Limalize hilo. Halafu kodi ya miezi sita ilipe wewe, moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na Januari sare na madaftari ya watoto. Chapati muachie mwenyewe, anajua kuliko wewe na mimi.

Akaniandikia: "Sasa dada, hapo nitakuwa nimesaidia biashara gani?"

Nimemwambia aisikilize tena voisi yake, ile sehemu anayosema hela ilikwenda wapi. Kwenye dakika ya pili anataja kodi, kwa hasira, halafu anaendelea kulaumu. Ujumbe wangu ameusoma. Hajajibu.