Mfumo wa taarifa katika biashara: kutoka daftari hadi habari

Wahenga walilisema jambo hili kabla kompyuta haijafikiriwa: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo imebeba maneno mawili ambayo ukiyatenganisha vizuri utakuwa umeelewa nusu ya somo la mifumo ya taarifa. Daftari ni pale jambo linapoandikwa. Habari ni kile anachokijua mwenye mali, akakijua mapema kiasi cha kuweza kuamua. Katikati pana kazi ya kukusanya, kuhakiki, kupanga, kujumlisha, kulinganisha, kisha kumfikishia anayehusika. Kazi hiyo, pamoja na watu wanaoifanya, taratibu wanazozifuata na vyombo wanavyovitumia, ndiyo mfumo wa taarifa.

Sijaitaja kompyuta, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa Luca Pacioli alichapisha maelezo ya namna wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza hesabu kwa kuandika kila muamala pande mbili. Watu wale walikuwa na mfumo wa taarifa wa karatasi na wino, na uliwawezesha kujua nani anawadai, wao wanamdai nani, na safari ipi imeleta faida. Anayeanza kujifunza somo hili akidhani ni somo la mashine atapotea njia mapema, kwa sababu maswali yake makubwa yanahusu uongozi: nani anaamua nini, lini, na anahitaji kujua nini ili aamue vizuri.

Data na taarifa hutajwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja. Tuseme ghala la vipuri linatoa betri 20 kwa siku kwa wastani. Hiyo ni data iliyokwisha kupangwa kidogo, lakini bado haimwambii mtunza stoo afanye nini. Sasa ongeza mambo mawili: mzigo mpya huchukua siku 6 kufika tangu uagizwe, na biashara imeamua kubaki na akiba ya tahadhari ya betri 40. Hesabu inakuja yenyewe. 20 mara 6 ni 120, ukiongeza 40 unapata 160. Hicho ndicho kiwango cha kuagiza upya. Mtunza stoo akiona zimebaki 158, anajua kwamba oda inatakiwa kutoka leo. Namba 158 imegeuka kuwa taarifa kwa sababu imekutana na uamuzi.

Tazama pia ile 40 ilikotoka. Wastani wa mauzo unaweza kukokotolewa na programu, na siku za kusubiri mzigo zinaweza kupimwa kutoka kwenye stakabadhi za nyuma. Akiba ya tahadhari ni tofauti. Kuna mtu alilazimika kupima hasara ya kumrudisha mteja mikono mitupu na hasara ya mtaji kulala kwenye rafu, akachagua. Mfumo hulitekeleza chaguo hilo kila siku bila kuchoka, lakini chaguo lenyewe ni la uongozi, na meneja anayedhani limefanywa na kompyuta ameacha kazi yake bila mwenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika historia ya somo hili ni wa kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, iliyokuwa ikioka mikate na keki na kuendesha maduka mengi ya chai. Kampuni hii ya vyakula ilijitengenezea kompyuta yake, ikaiita LEO, kwa kufuata mashine ya EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Novemba 1951 LEO ilianza kazi ya kawaida ya ofisi: kukokotoa thamani ya bidhaa zilizotoka kwenye viwanda vya mikate. Ilikuwa kompyuta ya kwanza kutumika kwa kazi za kibiashara za kila siku.

Kinachonivutia zaidi kilikuja baadaye, katika kazi ya kuyahudumia yale maduka ya chai. Kila duka lilikuwa na oda yake ya kudumu. Msimamizi wa duka hakuhitaji kuandika orodha nzima kila siku. Alipigiwa simu, akataja mabadiliko tu: leo ongeza hiki, punguza kile. Mabadiliko hayo yaliandikwa kwa matundu yaliyotobolewa kwenye kadi na kuingizwa kwenye mashine, na kutoka hapo zikapatikana hesabu za kiasi cha kutengeneza, maelekezo ya kufungasha na kupakia, hesabu za fedha, na takwimu za kuwaonyesha wasimamizi mwenendo wa biashara. Neno moja lililosemwa kwenye simu liliwatumikia mwokaji, mpakiaji, mhasibu na meneja. Hakuna aliyelazimika kuliandika upya. Ukilielewa jambo hilo, umeelewa kwa nini watu wa fani hii husisitiza kwamba data iingizwe mara moja, pale tukio linapotokea, na mtu anayelijua.

Wanne hao, hata hivyo, hawahitaji kitu kimoja. Mwaka 1965 Robert Anthony wa Harvard alizigawa shughuli za uongozi katika ngazi tatu: udhibiti wa shughuli za kila siku, udhibiti wa menejimenti, na upangaji wa mikakati. Mgawanyo huo bado unafundishwa, na unastahili. Chukua mauzo. Karani wa mauzo anataka kujua kama oda ya mteja huyu mmoja imetoka, na jibu liwe sahihi hadi senti ya mwisho. Meneja wa idara anataka jumla ya wiki ikilinganishwa na bajeti. Mkurugenzi anataka mwenendo wa miaka kadhaa, tena uchanganywe na mambo yasiyomo kabisa kwenye leja zake: washindani, sheria mpya, riba za benki. Kadiri unavyopanda ngazi, undani hupungua na muda unaotazamwa hurefuka. Kumpa mkurugenzi skrini ya karani hakumfanyi awe karibu na biashara. Kunamzamisha.

Mwaka 1971 Gorry na Scott Morton wa chuo cha MIT, Marekani, waliongeza kipimo kingine. Kuna maamuzi ambayo hatua zake zinajulikana mwanzo hadi mwisho, kama lile la betri, na hayo mfumo unaweza kuachiwa. Mengine hayana njia iliyochorwa, kwa mfano kufungua tawi jipya au kuacha bidhaa iliyoijengea kampuni jina. Hapo mfumo husaidia kwa namna nyingine. Humruhusu meneja kuuliza ingekuwaje bei ikishuka, ingekuwaje mkopo ukipanda riba, akaona matokeo kabla hajaingiza fedha. Mifumo ya namna hiyo huitwa mifumo ya kusaidia maamuzi. Neno “kusaidia” lilichaguliwa vizuri.

Tatizo linalowakumba wengi ni la majibu matatu. Meneja anauliza: mwezi uliopita tumeuza kiasi gani? Idara ya mauzo inatoa namba moja, stoo ya pili, uhasibu ya tatu. Anaanza kutafuta mwongo, na huenda hakuna. Mauzo wamehesabu oda zilizopokelewa, stoo wamehesabu mzigo uliotoka, uhasibu wamehesabu ankara zilizotolewa. Kila idara ina daftari lake na kila daftari liko sawa. Nadharia ya kanzidata (hazina ya data kwenye kompyuta) yenye majedwali yanayohusiana, aliyoitoa Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970, ilifungua njia ya idara zote kusoma kumbukumbu zilezile. Mifumo unganishi inayoshika fedha, stoo, manunuzi na mishahara kwa pamoja ilikua katika zama hizo. SAP, kampuni inayotengeneza mifumo ya namna hiyo, kwa mfano, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Lakini programu iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kuamua neno “mauzo” lina maana gani katika kampuni. Watu hukaa kikao wakakubaliana kwanza. Kikao kisipofanyika, ugomvi wa zamani unahamia kwenye mfumo mpya na gharama yake inapanda.

Upande wa pili kuna wingi. Mwaka 1967 Russell Ackoff, msomi wa masuala ya uongozi, aliandika kwamba meneja huumizwa zaidi na mafuriko ya taarifa zisizomhusu kuliko na uhaba wa zile zinazomhusu. Nakubaliana naye kabisa. Kila ripoti inayotolewa ingepaswa kupita kwenye swali moja: namba hii ikipanda au ikishuka, nani atafanya nini tofauti? Kama hakuna anayejibu, ripoti hiyo inakula muda wa mwandaaji na wa msomaji bure. Dawa mojawapo ni kuripoti yale tu yaliyotoka nje ya mpango. Badala ya orodha ya wadaiwa wote, toa wale waliovuka siku 60 bila kulipa, na kando ya kila jina uandike jina la mfanyakazi anayemfuatilia.

Halafu kuna suala la kuuamini mfumo, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Shirika la Posta la Uingereza lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha katika matawi, na wasimamizi wa matawi hayo wakashtakiwa kwa wizi na uongo wa hesabu. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani kabla mashtaka hayo hayajakoma mwaka 2015. Wengi walisema tangu mwanzo kwamba hawakuchukua fedha, na skrini ikaaminiwa kuliko wao. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu kwa jumla. Kuna waliofungwa, waliofilisika, na waliofariki kabla ya kusafishwa jina.

Kwa hiyo kila namba inayomfikia meneja inatakiwa iwe na njia ya kurudi ilikotoka: nani aliingiza, lini, kutoka hati gani, na nani aliibadilisha baadaye. Wakaguzi wa hesabu huifuata njia hiyo kila siku, na anayejifunza somo hili afanye vivyo hivyo. Chukua ripoti moja ya biashara unayoifahamu, uchague namba moja tu, uanze kurudi nayo nyuma. Kutoka kwenye jumla nenda kwenye jedwali, kutoka kwenye jedwali nenda kwenye ankara, kutoka kwenye ankara nenda kwenye hati ya kutolea mzigo. Usisimame mpaka umfikie yule aliyehesabu katoni kwa mikono yake. Muulize ni siku gani, na kwa sababu gani, hulazimika kuandika namba tofauti na aliyoiona.